Kilele cha nyuzi 33: jinsi ya kukikokotoa na jinsi ya kukikwepa

Ukipaka utando wa oksidi ya zinki juu ya kisahani cha silikoni (100), yaani kilichokatwa bapa za atomu za namba 100 zikawa usoni, kisha ukakipima kwa difraktomita (mashine ya kupima fuwele kwa eksirei) ya tyubu ya shaba, vilele unavyovitegemea vinajulikana: karibu na 31.8 na 34.4 kwenye mhimili wa 2θ (pembe ambayo mwale unageuka ukiakisiwa) ni vya oksidi ya zinki, na ule mnara wa 69.1 ni uakisi wa silikoni 400. Halafu hapo katikati, karibu na 33, kinachomoza kitu chembamba kama sindano. Leo kipo, kesho sampuli ileile haina.

Mimi kilinila karibu wiki tatu. Nililaumu tanuri, nikalaumu asetoni, na kwenye rasimu ya tasnifu nikaandika "awamu isiyotambulika". Kumbe ilikuwa silikoni yenyewe, uakisi wa 200, ambao vitabu vyote vinasema haupo. Vitabu havidanganyi. Miale ya eksirei ilikuwa imepita njia ya panya.

Njia hiyo ndiyo difraksheni ya miale mingi: miale miwili au zaidi inaakisiwa kwa pamoja ndani ya fuwele moja, na nguvu inahama kutoka mwale mmoja kwenda mwingine. Wengi huiogopa kwa sababu wanakutana nayo kwanza kwenye kurasa za matriksi. Mimi nashauri uanze na kikokotoo na karatasi. Ukishajua kilele kitatokea wapi, matriksi zitakuwa na kitu cha kushika.

Hatua ya 1: Hakikisha uakisi umekatazwa kweli

Kizio cha silikoni, kile kisanduku cha mchemraba kinachojirudia kuunda fuwele, kina atomu kwenye pembe na katikati ya kila uso, kisha seti ya pili ya namna hiyohiyo iliyosogezwa robo ya ukingo katika kila mhimili. Kutokana na hilo zinapatikana kanuni tatu za namba h, k, l, zile zinazotaja bapa za atomu (200 ni h = 2, k = 0, l = 0). Zikichanganyika witiri na shufwa, hakuna kitu. Zikiwa zote witiri, uakisi upo. Zikiwa zote shufwa, uakisi upo tu kama jumla yake inagawanyika kwa 4.

Kwa 200 jumla ni 2. Wimbi la seti ya pili linachelewa nusu wimbi kamili nyuma ya lile la kwanza, na yanafutana. Kwa 222 jumla ni 6, nako yanafutana, ila si kabisa: elektroni za vifungo kati ya atomu hazikai kwa duara kuzunguka kiini, kwa hiyo uakisi dhaifu unabaki. Ulinganifu wa silikoni unaikataza 200 hata ukihesabu elektroni za vifungo. Ndiyo maana nimeichagua hapa. Kila unachokiona kwenye 200 kinatoka kwingine, hakuna mchanganyiko wa kukusumbua.

Wa kwanza kulieleza jambo hili vizuri ni Mjerumani Moritz Renninger, mwaka 1937. Alichukua almasi, akaiweka kwenye uakisi wa 222, kisha akaizungusha kuuzunguka mhimili wa uakisi huo. Kama kungekuwa na mwale mmoja tu wa kuakisiwa, kuzungusha namna hiyo kusingebadili chochote. Badala yake vilele vikali vilijitokeza kwenye pembe fulani fulani.

Hatua ya 2: Badilisha vipimo vyote viwe vya fuwele

Usihesabu kwa nanomita, utachoka bure. Gawanya ukingo wa kizio cha silikoni, nanomita 0.54310, kwa urefu wa wimbi la shaba Kα1 (mstari mkali zaidi wa eksirei za shaba), nanomita 0.15406. Unapata K = 3.5253. Hicho ndicho nusu kipenyo cha tufe la Ewald, na sasa kila nukta ya latisi geuzi (ramani ambayo kila seti ya bapa za atomu ni nukta moja) inaandikwa kwa namba zake nzima tu: 200 ni vekta (2, 0, 0), urefu wake 2.

Tufe la Ewald ni chombo rahisi kuliko sifa yake. Chora vekta ya mwale unaoingia, kichwa chake kiguse nukta 000, na mkia wake uwe kitovu cha tufe lenye nusu kipenyo K. Nukta yoyote inayoangukia kwenye uso wa tufe inaakisi. Nukta 000 iko juu yake daima. Ukiiweka 200 juu yake, umepata uakisi wa kawaida wa mwale mmoja, ule wa Bragg: sin θ = 2 ÷ (2 × 3.5253) = 0.2837, θ ni 16.48, na 2θ ni 32.96. Hiyo ndiyo sindano yetu ya 33.

Sasa shikilia nukta hizo mbili, 000 na 200, uzungushe fuwele kuuzunguka mstari unaoziunganisha. Nukta nyingine zote zinazunguka nao, na mara kwa mara mojawapo inapenya uso wa tufe. Wakati huohuo kuna miale mitatu ndani ya fuwele.

Hatua ya 3: Pata pembe ya kupenya

Ita nukta ya tatu L = (h, k, l), na ile kuu H = (2, 0, 0). Sharti la L kuwa juu ya tufe ni kwamba mwale unaoingia ukijumlishwa na L ubaki na urefu uleule K. Ukilifungua, na ukaugawa mwale unaoingia katika sehemu mbili, moja kandokando ya H na nyingine ya pembe mraba nayo, unabaki na mstari mmoja:

cos β = (L² − H·L) ÷ (2 × K cos θ × P)

P ni urefu wa kivuli cha L kwenye bapa lililo pembe mraba na H. β ni pembe kati ya kivuli hicho na kivuli cha mwale unaoingia, ukiutazama kinyumenyume, kule ulikotoka. Kanuni hii inafaa kwa H yoyote na fuwele yoyote ya kyubi. Kwa 200 inakuwa nyepesi mno: L² ni h² + k² + l², H·L ni 2h, P ni kipeuo cha pili cha k² + l², na 2K cos θ ni 6.761. Kosini ikizidi 1, nukta hiyo haifikiwi, iache.

Hatua ya 4: Tupa nukta zisizo na kazi

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza muda. Nukta kupenya tufe hakutoshi. Mwale lazima uende kwa hatua mbili: kutoka unaoingia hadi L, kisha kutoka L hadi H. Hatua ya pili inafanywa na bapa za H − L. Kwa hiyo L na H − L zote mbili ziwe zinaruhusiwa.

Jaribu 220. Jumla 4, inaruhusiwa. Lakini 200 ukitoa 220 unapata (0, −2, 0), jumla −2, imekatazwa. Njia imezibwa katikati. Ukiangalia vizuri, hili linazipata nukta zote za shufwa: jumla ya L ikigawanyika kwa 4, ya H − L haigawanyiki. Kwa hiyo nukta shufwa zote nje. Zinabaki witiri tu, na L ikiwa witiri, H − L nayo ni witiri, njia iko wazi.

Kuna zawadi pia. L na H − L zina β sawa kabisa, ila kivuli kimoja kinaelekea upande wa pili wa kingine. Ukikokotoa moja umepata mbili.

Hatua ya 5: Kokotoa

Tuanze na 111. Juu ya mstari: 3 − 2 = 1. Chini: 6.761 × 1.4142 = 9.561. Kosini ni 0.1046, β ni nyuzi 84.00. Kivuli cha 111 kinaelekea [011] (mabano ya mraba yanataja mwelekeo). Katika silikoni (100) mielekeo ya namna hiyo ipo minne, kila baada ya nyuzi 90, kwa hiyo ukipima ψ, pembe ya kuzungusha fuwele, kuanzia mwelekeo wowote kati ya hiyo, vilele vya familia ya 111 vinakaa kwenye 90 − 84, yaani 6.00, kila upande.

Kisha 113. Juu: 11 − 2 = 9. Chini: 6.761 × 3.1623 = 21.38. Kosini 0.4210, β ni 65.11. Kivuli chake hakiko kwenye [011] bali nyuzi 26.57 pembeni yake. Jumlisha: 91.67. Toa 90, inabaki 1.67.

Endelea hivyo na utagundua orodha ina mwisho. h ikiwa 5 hakuna k wala l inayofikika. h ikiwa 1 au 3, jozi za (k, l) zinazofikika ni tano tu: (1,1), (1,3), (3,3), (1,5) na (3,5). Familia kumi, basi. Vilele vyote kati ya 0 na 45, kuanzia mwelekeo wa [011], ni hivi:

0.96 (315), 1.67 (113), 6.00 (111), 6.15 (335), 9.83 (115), 10.88 (313), 12.79 (115), 19.13 (135), 23.58 (315), 25.99 (313), 31.53 (311), 34.23 (335), 36.35 (133), 38.54 (113), 42.80 (135), 42.94 (333).

Baada ya 45 orodha inajirudia kama kwenye kioo. Kwa mstari wa Kα2, jirani dhaifu wa Kα1, namba zinasogea kidogo tu.

Hatua ya 6: Sasa geuza sampuli

Angalia mwanzo wa orodha. Vilele viwili viko chini ya nyuzi 2 kutoka [011]. Na silikoni (100) ukiikwaruza kwa kalamu ya almasi na kuivunja, inapasukia kwenye mielekeo hiyohiyo. Ukingo bapa wa kisahani kizima nao umekatwa hivyo. Sasa fikiria unavyoweka kipande chako cha mraba kwenye kishikio: unakinyoosha kisawasawa na mashine, kwa sababu kikikaa upande kinakera macho. Kwa unadhifu huo umekiweka kwenye ψ = 0. Mianya ya Soller (vibati sambamba vinavyobana mtawanyiko wa miale) ya difraktomita ya kawaida inaruhusu miale itawanyike nyuzi kama 2 kila upande, kwa hiyo 0.96 na 1.67 zote zimo. Siku ambayo hukuwa makini, kipande kikakaa nyuzi 4 pembeni, kilele kilififia au kikapotea. Hiyo ndiyo siri ya leo kipo, kesho hakipo.

Dawa ni kutafuta pengo pana. Lililo pana kuliko yote liko kati ya 12.79 na 19.13. Weka ukingo wa kipande kwenye nyuzi 16 kutoka mstari wa mwale, una zaidi ya nyuzi 3 za usalama kila upande. Kuiweka kwenye 28 hadi 29, katikati ya pengo jingine, nako kunafaa. Kugeuza nyuzi 45, ambako ndiko mkono unakimbilia, kunakuacha na nyuzi 2.1 tu, na hapo mpakani vilele viwili vimebanana. Huhitaji kishikio cha bei mbaya: plastisini, kipimapembe cha shule kilichochapwa kwenye karatasi, na mkono usiotetemeka.

Kama mashine yako inazungusha sampuli wakati wa kupima, zima mzunguko huo. Ukizungusha unapita kwenye vilele vyote na kuvichanganya. Kilele hakitaisha, kitakuwa tu kidogo na cha kudumu, na utakiamini zaidi.

Je, umegeuza hadi 16 na sindano bado ipo, haijapungua hata kidogo? Basi si njia ya panya. Mshukiwa wa pili ni uakisi wa 400 kwa miale yenye urefu wa wimbi nusu ya ule wa shaba. Inaangukia 32.96 ileile. Miale hiyo inahitaji tyubu ya zaidi ya kilovolti 16.1, na wengi tunapima kwa 40. Shusha hadi 15 kwa dakika chache uone. Mshukiwa wa tatu ni kwamba una awamu mpya kweli, na hapo hongera.

Hatua ya 7: Kutoka mahali hadi nguvu

Hadi hapa tumejua wapi, hatujajua kiasi gani. Hesabu ya kawaida, inayochukulia kwamba mwale unaakisiwa mara moja na kuondoka, haina la kusema: kwake 200 ni sifuri milele. Unahitaji nadharia ya dinamiki, ambayo mwanafizikia Paul Ewald aliijenga kabla ya 1920 na mwenzake Max von Laue akaiandika upya kwa milinganyo ya Maxwell.

Wazo lake ni hili. Ndani ya fuwele hakuna mwale mmoja unaojitegemea. Kuna kundi la mawimbi, moja kwa kila nukta iliyo karibu na tufe, na kila wimbi linalishwa na yote mengine. Kiasi cha kulishana kati ya wimbi L na wimbi H kinapimwa na χ ya nukta H − L, yaani sehemu ya msongamano wa elektroni yenye marudio hayo. Namba hizi ni ndogo mno. Kwa silikoni na shaba Kα, ile ya wastani, χ0, ina ukubwa wa kama 15 kwa milioni. Udogo huo ndio unaofanya vilele viwe vyembamba.

Kwa mawimbi mawili, uga wa umeme unagawanyika vizuri katika mitetemo miwili isiyoingiliana, na unatatua kila mmoja peke yake. Likija wimbi la tatu, kwa kawaida halikai kwenye bapa la wenzake, na mitetemo inachanganyika. Kwa hiyo mawimbi matatu mara mitetemo miwili: matriksi ya 6 kwa 6, na majibu sita ya namna ambavyo kundi zima linaweza kusafiri. Ukiiandika kwa 200 utaona vyumba vinavyounganisha 0 na H moja kwa moja ni sifuri. Nguvu inafika H kwa kupitia vyumba vya L tu.

Kuna mtego mmoja kwenye kipande chetu hiki, na nimeona programu zikiuangukia. Chukua L yenye h = 1. Mwale unaoingia una −1 kwenye mhimili wa kutoka usoni, ukiongeza 1 unapata sifuri. Maana yake mwale wa tatu hautoki wala hauzami: unatambaa sambamba na uso wa kisahani. Nusu ya orodha yetu, 111 na 113 zikiwemo, iko hivyo. Matriksi ya 6 kwa 6 inapatikana kwa kurahisisha mlinganyo wa kipeo cha pili uwe wa kwanza, na urahisishaji huo unavunjika hasa mwale unapotambaa. Hapo unarudi kwenye mlinganyo kamili wenye majibu 12, utaratibu ambao Roberto Colella aliuweka wazi mwaka 1974. Kati ya hayo 12 unachagua yanayofifia kuelekea ndani ya fuwele, kisha unayaunganisha na uga wa nje kwenye uso. Kabla ya kuiamini programu yoyote, ipe 200 na 111 uone inafanya nini hapo.

Hatua ya 8: Ukitaka fezi, ihame 200

Kabla ya kompyuta, kuna njia fupi inayofaa mbali kidogo na kilele. Lifute wimbi L kwenye milinganyo, kama mwanafizikia Hans Bethe alivyofanya kwa elektroni mwaka 1928. Unabaki na mawimbi mawili, lakini χ ya H imepata nyongeza: zao la χ ya L na χ ya H − L, ukigawa kwa umbali wa L kutoka kwenye uso wa tufe. Umbali huo una alama. Nukta ikiwa ndani ya tufe ni upande mmoja, ikitoka nje alama inageuka.

Kwa 200 nyongeza iko peke yake, na nguvu inategemea kipeo chake cha pili, kwa hiyo alama haijalishi: kilele kinapanda sawa pande zote mbili. Kwa uakisi wenye nguvu yake mwenyewe, hata dhaifu kama 222, nyongeza inajumlishwa upande mmoja na kutolewa upande wa pili. Kilele kinakuwa na mkia ulioinuka huku na bonde kule. Upande gani una bonde unategemea jumla ya fezi (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) tatu: ya L, ya H − L, na ya H ikiwa kinyume. Ikiwa 0, bonde liko upande mmoja. Ikiwa 180, liko wa pili. Ikiwa 90 au −90, umbo linabaki na ulinganifu, moja likiinua na jingine likishusha. Fezi ndicho kitu ambacho kitambuzi cha kawaida hakiwezi kukipima, na mwanakemia William Lipscomb alipendekeza mwaka 1949 kwamba ingeweza kusomwa kwa njia hii.

Ukijaribu na 222, anza na 113. H·L ni 10, juu ya mstari ni 1, P ni 1.633, na 2K cos θ sasa ni 6.141. β inatoka 84.28. Mwenzake ni (1, 1, −1). Pima ψ kuanzia [−1 −1 2] na utakuta jozi za vilele kwenye 30 ± 5.72, kisha 90 ± 5.72, na kuendelea kila nyuzi 60. Andika kwenye daftari mwelekeo uliozungusha kishikio, maana ukiuzungusha kinyume nukta inayoingia kwenye tufe inakuwa inayotoka, na bonde lako litahamia upande wa pili.